Dizeli Ivujayo: Namna ya Kuitambua na Kuizuia katika Trekta na Mitambo Mizito

Kwa wakulima wa Mgololo na wa Nyanda za Juu za Kusini

Mkulima, kazi ya jembe la mkono waijua vema, nayo haina siri. Mpini ukivunjika wauona kwamba umevunjika, nawe wachonga mwingine. Injini ya dizeli si hivyo. Huweza kuugua siku nyingi huku ikiendelea kufanya kazi, na mwenyewe asijue. Kisha siku isimamapo kabisa, aghalabu ni ile siku mvua za Novemba zimeanza kunyesha na majirani wote wamo mashambani wakilima.

Karatasi hii yaeleza ugonjwa mmoja tu wa injini, nao ni kuvuja kwa mafuta. Twauchagua huo kwa sababu ni ugonjwa ambao mkulima mwenyewe, asiye fundi, aweza kuutambua mapema kwa macho yake, kwa tambara safi, na kwa uvumilivu. Neno kuu la mafundisho haya ni hili: usishike spana kabla hujajua mahali panapovuja.

1. KWA NINI JAMBO HILI LATUHUSU

Mgololo ni nchi ya miti na ya mitambo. Tarafa ya Mgololo ni sehemu ya msitu mkubwa wa Sao Hill uliopandwa kwa mikono ya watu, na tangu kiwanda cha karatasi kilipojengwa hapa katika miaka ya 1980, njia zetu zimezoea ngurumo za malori ya magogo na za katapila. Lakini dizeli haikubaki mikononi mwa makampuni. Leo mkulima mdogo hukodi trekta, au hununua pamoja na wenzake katika kikundi. Huwa na pawatila, mashine ya kusaga mahindi, au mashine ya kupasulia mbao za miti aliyoipanda mwenyewe. Basi ugonjwa wa injini umekuwa jambo la nyumbani kwake.

Tena yafaa kukumbuka habari ya mpango wa karanga wa Serikali ya Uingereza, ulioanza Kongwa mwaka 1947. Matrekta mengi yaliyoletwa yalikuwa masalio ya vita, yamekwisha kutumika. Yaliharibika kwa wingi, na mafundi na vipuri havikutosha. Mpango ule uliachwa mwaka 1951. Ukame na ugumu wa ardhi vilichangia sana kuanguka kwake, lakini fundisho moja lilibaki: mtambo usiokaguliwa kila siku ni chuma tu, hata uwe mkubwa namna gani.

2. NJIA YA MAFUTA

Huwezi kutafuta mahali panapovuja ikiwa hujui mafuta hupita wapi. Simama kando ya injini iliyozimwa, ufuate njia kwa kidole tangu tangi hata nozeli. Utaona sehemu tatu.

Sehemu ya kwanza ni ya kuvuta. Mafuta hutoka katika tangi, hupita katika kikombe cha kuchujia maji, na kuvutwa na pampu ndogo, ambayo mara nyingi ina kijiti cha kusukumia kwa mkono. Ikiwa tangi li chini kuliko pampu, kitundu kilichopo hapa huenda kisitoe mafuta nje kabisa. Bali huingiza upepo ndani. Ndiyo maana uvujaji wa sehemu hii huwashinda watu wengi: hawaoni unyevu, na kumbe injini yavuta hewa.

Sehemu ya pili ni ya msukumo mdogo. Pampu ndogo husukuma mafuta katika chujio, na kutoka hapo hata pampu kubwa, ile mafundi waiitayo pampu ya nozeli. Mirija ya kurudishia mafuta ya ziada katika tangi nayo twaihesabu hapa. Uvujaji wa sehemu hii huonekana kwa urahisi: hulowesha, hudondoka, na hukusanya vumbi jeusi.

Sehemu ya tatu ni ya msukumo mkubwa. Ni mirija myembamba ya chuma itokayo pampu ya nozeli na kufika kwenye nozeli, mrija mmoja kwa kila silinda. Gurudumu la gari dogo hujazwa upepo kwa msukumo wa bar 2 hivi. Nozeli za injini nyingi za zamani hufunguka kwa bar 150 na kuzidi, na injini nyingi za siku hizi hufanya kazi kwa bar 1,000 na kuzidi. Kwa hiyo sehemu hii ya tatu ina sheria zake, nazo zimeandikwa katika fungu la 5. Usizipite.

3. DALILI NA MAANA YAKE

Injini ngumu kuwaka asubuhi, lakini ikiisha kuwaka yafanya kazi vema. Aghalabu usiku kucha mafuta yamerudi katika tangi, na upepo umechukua nafasi yake. Tazama sehemu ya kwanza, na pia mirija ya kurudishia.

Injini huwaka, hufanya kazi kitambo, kisha hufifia na kuzimika. Ukisukuma kwa mkono huwaka tena. Hapa upepo unaingia, au njia imeziba. Kabla ya kufungua chochote, legeza kifuniko cha tangi. Injini ikipata nafuu, basi hakuna kinachovuja: kile kitundu kidogo cha hewa katika kifuniko kimeziba, nacho chahitaji kusafishwa tu. Watu wengi wamefungua pampu nzima kwa kosa la kifuniko.

Oili ya injini yaongezeka bila kuongezwa. Chomoa kijiti cha kupimia oili kila asubuhi. Ukiona kipimo kimepanda, na oili ni nyepesi na yanuka dizeli, jua kwamba mafuta yavuja kwa ndani: labda ngozi ya pampu ndogo imepasuka, au sili ya pampu kubwa imekwisha, au nozeli yavuja. Oili iliyochanganyika na dizeli hailindi tena chuma na chuma. Tena ikizidi sana, injini huweza kuinywa oili hiyo na kukimbia ovyo hata ikashindikana kuzimwa. Usiiwashe injini hiyo tena mpaka kosa limetengenezwa na oili imebadilishwa.

Silinda moja haifanyi kazi, injini yatetemeka, na moshi mweupe watoka. Chungulia mirija ya sehemu ya tatu, hasa pale ambapo kibano kimelegea au kimepotea. Mrija usiobanwa hutetemeka, na mwisho hupasuka.

Mafuta yaisha upesi kuliko zamani. Dalili hii huijui kwa kukumbuka tu. Huijui ila kwa daftari. Andika lita ulizotia na saa ulizofanya kazi. Kazi ikiwa ile ile na lita zikaongezeka, tafuta panapovuja.

Wako wasemao, matone machache si kitu. Basi, weka kopo chini ya tone kwa muda wa saa moja, upime. Tuseme umepata mililita 100, yaani nusu ya kikombe kidogo cha chai. Tangi livujalo halilali usiku kama wewe. Kwa saa 24 ni lita 2 na mililita 400, na kwa siku 30 ni lita 72. Bandu bandu huisha gogo.

4. KUTAFUTA MAHALI PANAPOVUJA

Kwanza, zima injini uiache ipoe. Kisha safisha. Uchafu wa zamani huficha uvujaji mpya. Tumia brashi na dizeli kidogo, ukaushe kwa tambara lisilotoa nyuzi. Usiimwagie maji baridi pampu ya nozeli iliyo moto, kwa kuwa vyuma vyake vya ndani vyakaribiana mno, navyo huweza kukwama.

Pili, pangusa kila kiungo kwa karatasi nyeupe, kimoja kimoja, ukianzia juu na kushuka chini. Fanya hivyo kwa utaratibu, maana mafuta hushuka. Tone lidondokalo chini ya pampu huenda likawa limetoka kwenye chujio lililo juu. Kiungo cha juu kabisa chenye unyevu ndicho mwenye kosa, wala si kile kilicholowa kuliko vyote.

Tatu, sukuma pampu kwa mkono, injini ikiwa imezimwa, ukitazama. Viungo vingi vya msukumo mdogo vitajionyesha hapo.

Nne, ikiwa washuku upepo katika sehemu ya kuvuta, fanya jaribio la kopo. Ondoa mpira utokao katika tangi, uunganishe mpira mwingine mpya katika mlango wa pampu ndogo, na mwisho wake uuzamishe katika chombo safi chenye dizeli kilichowekwa juu kidogo ya pampu. Toa upepo, uwashe. Injini ikienda vizuri sasa, kosa liko katika tangi, mpira, au kikombe cha maji. Ikiendelea kuzimika, kosa liko mbele zaidi. Ukipata mpira mweupe uonekanao ndani ni bora, maana utayaona mapovu yakipita.

5. ONYO: USITAFUTE KWA MKONO

Fungu hili lisomwe kwa sauti mbele ya kila kijana agusaye injini.

Ufa wa mrija wa msukumo mkubwa huweza kuwa mwembamba kuliko unywele, na mafuta yatokayo humo huonekana kama ukungu, au hayaonekani kabisa. Mafuta hayo hupenya ngozi kama sindano. Jeraha lake ni kitone tu. Labda halitoki damu, na maumivu ya kwanza ni madogo, hata mtu akaendelea na kazi. Lakini ndani ya nyama dizeli yazidi kuenea na kuua mishipa. Mtu akichelewa, mkono hukatwa.

Kwa hiyo, usipitishe kidole wala kiganja juu ya mirija injini ikiwa yanguruma. Chukua kipande kirefu cha boksi gumu, ukipitishe mbali na mwili wako, huku macho yako yamekingwa kwa miwani. Palipo na ufa, boksi litalowa. Kisha zima injini. Usilegeze nati ya mrija huo injini ikiwa yafanya kazi. Na katika injini mpya za msukumo mkubwa sana, msukumo hubaki ndani hata baada ya kuzima, basi subiri kwa kadiri kitabu cha mtambo kisemavyo, au mwachie fundi.

Mtu akichomwa na mafuta, apelekwe hospitali yenye daktari wa upasuaji saa ile ile, hata kama asema haumwi. Asikande, asitie maji moto, asingoje kesho. Nanyi mmwambie daktari waziwazi kwamba ni dizeli iliyoingia kwa msukumo, ili asidhani ni mchubuko.

6. KUTENGENEZA

Nati iliyolegea. Tumia spana mbili: moja yashika kiungo, nyingine yakaza nati. Kaza kwa kiasi. Ikiwa bado yavuja, usiongeze nguvu. Fungua, safisha, utazame mahali pa kukalia. Nati nyingi zimekufa kwa kukazwa na mwenye hasira.

Washa za shaba. Kila ukifungua, weka mpya. Ikiwa mpya haipatikani, ya zamani isiyo na mikwaruzo yaweza kuchomwa mpaka ikawa nyekundu, kisha ikatiwa majini. Hapo shaba huwa laini tena, nayo hukaa vema. Usifanye hivyo kwa washa za aluminiamu, maana zitayeyuka.

Mipira. Hupasuka kwanza pale inapobanwa. Nunua mpira uliotengenezwa kwa ajili ya dizeli, uufunge kwa klipu, si kwa waya. Vipande vya mpira wa baiskeli havifai, kwa sababu dizeli huuvimbisha mpira wa namna hiyo na kuulainisha, na vipande vyake huenda kuziba chujio.

Mirija ya chuma ya nozeli. Isichomelewe, isikunjwe upya, wala isibadilishwe na mrija wa urefu mwingine, kwa kuwa urefu wake umepimwa ili kila silinda ipate mafuta kwa wakati wake. Uliopasuka hutupwa. Rudisha vibano vyote mahali pake.

Sabuni. Desturi ya kupaka kipande cha sabuni kwenye ufa wa tangi yajulikana, nayo yaweza kukufikisha nyumbani. Lakini ni msaada wa njiani tu. Haifai kwenye mrija wa kuvuta wala wa msukumo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Tangi. Tangi tupu ni la hatari kuliko lililojaa, kwa ajili ya mvuke uliomo. Lisichomelewe kijijini kwa haraka. Liondolewe, lioshwe vizuri, na kazi ifanywe na fundi ajuaye jambo hilo.

Sili za mitambo ya zamani. Tangu mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zilianza kufuata kipimo cha dizeli yenye salfa kidogo, isiyozidi sehemu 50 katika milioni. Mafuta haya ni mema kwa hewa. Lakini katika nchi nyingine mabadiliko ya namna hiyo yalionyesha kwamba sili zilizozeeka huweza kusinyaa na kuvuja. Mwenye trekta kuukuu azitazame sili zake, na akizibadilisha atie zilizo bora.

7. KUTOA UPEPO

Kila ufunguapo njia ya mafuta, upepo huingia. Jaza tangi. Legeza skrubu ya juu ya chujio, usukume pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe na mafuta matupu yatoke, kaza. Fanya vivyo hivyo kwenye skrubu ya pampu ya nozeli. Kwa injini nyingi hayo yatosha. Ikiwa upepo umefika hata mirija ya nozeli, jambo hilo katika injini za zamani hufanywa kwa kulegeza nati za nozeli kidogo na kuzungusha injini kwa stata, mtu akisimama mbali. Katika injini mpya lisifanywe kabisa ila na fundi. Ukiisha, pangusa yote. Usipopangusa, kesho hutajua kama unyevu uuonao ni wa leo au wa jana.

8. MOTO NA MAJI

Dizeli haiwaki upesi kama petroli, na kwa hiyo watu huidharau. Lakini ikitoka kama ukungu na kugusa bomba la moshi lililo moto, huwaka. Tangu Juni hata Oktoba majani ya misonobari yamekauka chini ya miti, na mti uliougojea miaka mingi huungua kwa saa moja. Mtambo uvujao usiingie shambani mwa miti. Kwenye mashine ya kupasulia mbao, ondoa kila siku unga wa mbao uliolowa mafuta chini ya injini, na uwe na mchanga na sepetu karibu.

Tena wengi wetu hulima vinyungu mabondeni, na maji ya bondeni ndiyo tunywayo. Udongo ulioloweshwa dizeli hauoteshi vizuri, na mafuta juu ya maji husafiri mbali. Usiegeshe wala kutengeneza mtambo kando ya kijito. Weka karai chini yake, na mafuta machafu yasimwagwe.

9. KUZUIA

Kila asubuhi: tazama chini ya mtambo kabla ya kuusogeza, pima oili, pangusa viungo.

Kila jioni: jaza tangi. Usiku wa Juni na Julai ni baridi kali kwetu, na tangi lililo nusu hufanya umande ndani. Maji hayo huozesha tangi kwa kutu na kuharibu pampu.

Kila juma: fungua kikombe cha maji, umwage maji na taka, kaza vibano vyote.

Kila msimu, kabla ya mvua: badilisha chujio kwa saa zilizoandikwa katika kitabu cha mtambo, na mipira iliyokauka. Kazi hii ifanywe Septemba, si Novemba.

Wakati wa kununua: nunua mafuta kwenye kituo kinachojulikana. Dizeli ya magendo iliyochanganywa na mafuta ya taa ni nyepesi, hailainishi pampu, na huleta uharibifu ambao bei yake yapita faida yote. Ukihifadhi katika madumu, yaache yatulie siku moja kabla ya kumimina, umimine kwa kitambaa safi, na usimimine yale ya chini kabisa. Pipa la bati lililopakwa zinki halifai kwa dizeli.

YA KUKUMBUKA

Fuata njia ya mafuta tangu tangi hata nozeli. Safisha kabla ya kutafuta. Tafuta kwa karatasi na boksi, kamwe si kwa mkono. Oili ikipanda, zima. Aliyechomwa na mafuta, hospitali saa ile ile. Andika lita na saa katika daftari.

Karatasi hii itundikwe katika banda la mtambo, mahali ambapo dereva na msaidizi wake wataiona kila siku. Asiyejua kusoma na asomewe.